SOMO: Jinsi ya kupima na kulinganisha mapato ya idara za michezo za vyuo vya Marekani

Wakuu, ubishi wa "chuo gani kinaingiza hela nyingi" hauishi kwa sababu kila mtu anakuja na jumla aliyoiokota anakojua yeye. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Shika ripoti moja. Ile ya EADA (sheria inayovitaka vyuo vitoe taarifa za michezo yao), inayopelekwa Wizara ya Elimu ya Marekani, iko wazi kwa wote, ila vyuo kibao vinaandika mapato na matumizi yakilingana hadi dola ya mwisho. Mara nyingi hapo chuo kimeziba pengo kwa hela yake chenyewe. Ripoti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndiyo yenye nyama: tiketi, michango, haki za matangazo, mgao wa ligi, kila kitu na mstari wake. Ya chuo cha umma kwa kawaida huombwa kwa sheria ya kumbukumbu za umma. Chuo binafsi kama Notre Dame hakilazimiki kukupa.

Hatua ya 2: Ondoa hela ya chuo chenyewe. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Ada ya michezo anayokatwa mwanafunzi, ruzuku ya chuo, ruzuku ya jimbo, vyote vinaandikwa "mapato". Tuseme chuo A kina dola milioni 60, ndani yake 42 ni ada na ruzuku. Chuo B kina 45, ruzuku 3. A kachuma 18, B kachuma 42. Na bado kwenye orodha A yuko juu.

Hatua ya 3: Angalia mwaka. Wengi wanafunga hesabu 30 Juni, Texas 31 Agosti. Texas A&M walitangaza takriban milioni 192 mwaka 2014/15, michango ya ukarabati wa uwanja wao, Kyle Field, ikiwa imevimbisha namba. Chukua wastani wa miaka kadhaa, na 2020/21 ya korona iache pembeni.

MASWALI

Swali: Mkuu, mdogo wangu yuko huko kwa skolashipu ya riadha. Anahesabiwa wapi?
Jibu: Kwenye matumizi. Riadha kwa kawaida haijilipi, inabebwa na futiboli yao ya Kimarekani na kikapu.

Swali: Na hizi hela wanazolipwa wachezaji siku hizi?
Jibu: Tangu 1 Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi ya House (wanamichezo waliishtaki NCAA), chuo kinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, ukomo wa mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 20.5. Nayo ni matumizi. Ila chuo kikiongeza ruzuku ili kuwalipa, "mapato" yatapanda bila tiketi hata moja kuuzwa. Rudi hatua ya 2.