Somo: Kutafuta mtandaoni msaada wa malezi unaomfaa mtoto wako (wazazi na walimu)

Wazazi na walimu wenzangu, habari za jioni. Somo hili niliahidi tangu mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, pale mama mmoja aliponionyesha simu yake akaniuliza, "Mwalimu, humu ndani kila mtu ananifundisha kulea. Nimsikilize nani?" Nafundisha darasa la pili hapa Arua, Uganda, na swali lake lilinigusa. Shule zetu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Miezi yote hiyo nilikuwa nyumbani na wanangu, huku wazazi wakinitumia ujumbe usiku na mchana. Ninayowaandikia hapa nimeyapata kipindi kile.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujawasha data

Chukua kalamu. Andika umri wa mtoto, anafanya nini, alianza lini, na umeshajaribu nini. Ukitafuta "mtoto mkaidi" utaletewa mahubiri. Ukitafuta "mtoto wa miaka 7 analia kila asubuhi hataki shule", utakaribia jibu. Na hilo neno "lini" lisirukwe. Mzazi mmoja alipoliandika ndipo akaona kwamba mwanawe alianza kukojoa kitandani wiki ileile baba yake alipoondoka kwenda kutafuta kazi Juba. Baada ya hapo hakuhitaji kutafuta dawa ya kukojoa. Alihitaji kujua namna ya kuzungumza na mtoto anayemkosa baba.

Hatua ya 2: Jua lugha unayotafutia inakupeleka wapi

Ukiandika kwa Kiswahili, mengi utakayopata yametoka Tanzania na Kenya. Kwa mambo ya malezi hilo ni neema, kwa sababu maisha yetu yanafanana. Kwa masomo ya darasani kuwa mwangalifu. Shule za msingi za serikali za Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Kwetu, kwa mtaala unaofuatwa tangu 2007, mtoto hujifunza kusoma kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza, la nne likawa la kuvukia Kiingereza. Kwa hiyo kitabu kizuri cha silabi kutoka Dodoma kinaweza kumchanganya mtoto wa darasa la kwanza hapa, anayesoma Lugbarati, lugha ya eneo letu.

Kwa hadithi za watoto, nenda tovuti ya African Storybook. Ni bure, na utakuta hadithi za Kiswahili, Luganda, Lugbarati, Lumasaaba na lugha nyingine nyingi za Afrika. Mimi humsomesha mtoto hadithi ileile kwa lugha mbili, na nimeona macho yake yakifunguka anapoitambua.

Hatua ya 3: Uliza nani anasema, na anauza nini

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wanaumizwa.

Mmeziona picha zinazosambazwa WhatsApp za mdomo wa mtoto mchanga, na maneno kwamba akiharisha na kuwa na homa ana "meno ya plastiki", ebinyo kwa wengine, apelekwe yakang'olewe. Nilitumiwa picha hiyo na watu watatu katika mwezi mmoja, wote wakiwa watu wema. Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi ni meno ya chonge ya kawaida, bado hayajatoka. Yakichokolewa kwa kisu au waya wa baiskeli, mtoto anapoteza damu, anapata maambukizi, na wengine wamekufa. Kuhara kunatibiwa kwa ORS (unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini) na zinki, na homa ipimwe malaria siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya. Picha ile haikuwa na jina la daktari, hospitali wala tarehe, ila ilikuwa na namba ya simu ya kupiga.

Basi kabla ya kuamini, tafuta vitu hivi kwenye ukurasa: jina la taasisi au mtu anayewajibika, mwaka ulioandikwa, na umri wa mtoto anayezungumziwa. Kimoja kikikosekana, punguza imani. Ukiona mwishoni unauziwa dawa, mafuta au kozi, funga. Anayekuambia jambo moja linatibu kila kitu, funga haraka zaidi.

Mahali ninapoanzia mimi ni UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2020 mashirika hayo pamoja na mpango wa malezi uitwao Parenting for Lifelong Health walitoa kurasa fupi za malezi zilizotafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Ziliandikwa kwa ajili ya korona, lakini ukurasa wa kutenga muda na kila mtoto peke yake, na ule wa kutuliza hasira zako mwenyewe, unafaa leo kama ulivyofaa siku ile.

Makundi ya wazazi yanafaa kwa kutiana moyo, na moyo ni kitu kikubwa. Kwa ugonjwa, kuumizwa au kunajisiwa kwa mtoto, usisubiri majibu ya kundi.

Hatua ya 4: Kipakue, kitoke mtandaoni

Bando linaisha. Ukipata ukurasa mzuri, uhifadhi kama PDF, uupe jina utakalolikumbuka ("hasira miaka 4", usiache "document 17"), kisha umtumie jirani kwa Bluetooth, haitumii MB. Sisi tuna karatasi zilizochapishwa kwenye faili moja ofisini, mzazi yeyote anakuja kusoma.

Hatua ya 5: Jaribu jambo moja kwa wiki nzima

Moja tu. Ukibadili mbinu kila siku, mtoto hajui tena sheria ya nyumbani ni ipi. Andika kilichotokea kila jioni, hata mstari mmoja. Mwalimu akiuona mstari huo atakusaidia kuliko ukimwambia "nimejaribu yote".

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto wanne, Koboko: Salaam alaikum mwalimu. Mimi nina simu ya kitochi tu. Somo hili linanihusu vipi?

*Jibu:* Wa alaikum salaam, mama. Linakuhusu sana. Hatua ya 1 na ya 5 hazihitaji intaneti. Swali lako ukishaliandika, mletee mwalimu wa mtoto au mzazi mwenye simu janja akutafutie, akusomee kwa sauti. Na weka namba 116 kwenye simu yako. Ni Sauti, laini ya watoto iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, na kupiga ni bure. Mtoto akipigwa, akinyanyaswa au akitelekezwa, hata mtoto wa jirani, piga.

Mwalimu wa darasa la tano, Bombo: Mwalimu mwenzangu, wazazi wenyewe wananiambia "mchape, nimekuruhusu". Nipate wapi kitu cha kuwaonyesha?

*Jibu:* Ndugu yangu, ruhusa hiyo mzazi hana uwezo wa kukupa. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 inakataza viboko shuleni. Ila sheria peke yake haikufundishi ufanye nini darasa likipiga kelele. Pakua Good School Toolkit, mwongozo wa kupunguza ukatili shuleni, wa Raising Voices, shirika la Kampala. Ulijaribiwa katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luweero, hukohuko kwenu, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha hatari ya mwanafunzi kupigwa na walimu ikipungua kwa asilimia 42. Waonyeshe wazazi hilo, wataona ni shule wanazozijua.

Baba, Kampala: Mwanangu ana miaka 3, katuni kuanzia asubuhi. Nikizima ni vita. Hata zile za kufundisha ni mbaya?

*Jibu:* Pole, baba. Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo kutoka Tanzania, imetengenezwa kwa umri wake na ipo kwa Kiswahili, kwa hiyo chaguo si baya. Tatizo ni wingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema umri huo usizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Usizime ghafla. Kaa naye dakika tano za mwisho, mwambie "wimbo huu ukiisha tunakwenda kumwagilia maua", kisha mwende kweli. Siku tatu za kwanza atalia.

Mama, Busia: Dada mwalimu, niliweka picha ya mwanangu na shida yake kwenye kundi ili nipate ushauri. Sasa shuleni wanamcheka.

*Jibu:* Pole sana, mdogo wangu. Futa leo, na muombe msimamizi wa kundi aondoe nakala yake. Kisha mwambie mtoto umekosea. Akiona mama anaomba radhi hatakuficha mambo. Siku nyingine andika "mtoto wa miaka 9, msichana", bila jina, shule wala picha. Na mweleze mwalimu wa darasa lake ana kwa ana, ili kicheko hicho kikomeshwe darasani kwa sababu huko ndiko kilipo. Ukipata shida kumweleza, nitumie ujumbe wa faragha, tutaandika barua pamoja.