Jinsi ya kuliangalia kaburi la mawe makubwa ukaelewa unachokiona

Watu wengi wakifika kwenye haya makaburi ya kale ya Ulaya wanaingia moja kwa moja ndani, picha mbili tatu, wanatoka, basi. Inaniuma kwa sababu haya ni mambo ya wakulima wa kwanza kabisa wa huko, watu ambao mababu zao walitokea pande za Anatolia (Uturuki ya leo) na ngano, shayiri, ng'ombe na kondoo wao, hawajui chuma kabisa, halafu wakainua mawe ya matani na matani. Newgrange ya Ireland ilijengwa kama mwaka 3200 KK, piramidi za Giza bado kabisa.

Kwa hiyo anza nje. Zunguka chote taratibu kile kilima kilicholifunika kaburi kabla hujagusa mlango. Pale Newgrange utakuta mawe 97 yamepangwa kuzunguka ukingo, mengine yamechongwa mizunguko, na lile la mbele ya mlango ndo usilipite haraka. Ukiwa kwenye kaburi la West Kennet, Uingereza, pima kwa hatua: kilima kina urefu wa kama mita 100 ila vyumba vya maiti vinaishia kama mita 12 tu kutoka mlangoni, kwingine kote ni udongo na chokaa. Jiulize kwa nini wajisumbue hivyo. Mi naona walitaka kionekane mbali, watu wajue hii ardhi ina wenyewe na wenyewe wamelala hapa.

Kingine, ukikuta mawe matupu yamesimama na bapa moja juu, kama kaburi la Poulnabrone, Ireland, usidhani ndo lilivyokuwa tangu mwanzo, maana lilikuwa na rundo la mawe madogo kulizunguka, angalia chini utaona mabaki yake.

Sasa ingia. Beba tochi hata kama kuna mwanga, na ukimulika usielekeze usoni mwa jiwe, mulika kwa ubavu ili kivuli kikuonyeshe michoro ambayo jicho linaikosa. Hesabu vyumba vya pembeni. Usitafute kaburi la mfalme mmoja, West Kennet walikutwa watu wasiopungua 36, wanaume, wanawake na watoto, mifupa imechanganyika, yaani watu walikuwa wanarudi humo, wanasogeza wa zamani, wanaweka wapya. Halafu inua kichwa uangalie dari, Newgrange mawe yamepandana kila tabaka likisogea ndani kidogo mpaka yakakutana juu, na maji hayapiti mpaka leo!!

Mwisho geuka uangalie ulikotoka, mlango unaelekea wapi? Newgrange kuna kidirisha juu ya mlango, na jua la asubuhi za karibu na tarehe 21 Desemba linapita hapo mpaka chumba cha ndani kwa dakika 17 hivi. Profesa Michael O'Kelly, mwanaakiolojia aliyechimba pale, alilishuhudia mwaka 1967. Kuingia siku hizo ni kwa bahati nasibu, omba mapema, na ukikosa, kwenye ziara za kawaida wanakuonyesha kwa taa.

Na tafadhali sana usiwashe mishumaa humo ndani wala kuacha sarafu, moto unapasua mawe na masizi hayatoki.