Modeli nyeupe inadanganya mwanga

Wanafunzi wa usanifu majengo, kadibodi nyeupe ya modeli (mfano mdogo wa jengo) hurudisha mwanga mwingi kuliko ukuta wa saruji au tofali la kuchoma, kwa hiyo chumba ambacho kingekuwa na giza kitaonekana kinang'aa kwenye modeli. Bandika ndani karatasi za rangi ya vifaa halisi, hasa sakafuni (hapo ndipo wengi hupuuza), na uzibe pembe kwa tepu nyeusi mwanga usipenye. Kwa kipimo cha 1:20 (sentimita 1 ya modeli ni sentimita 20 za jengo halisi), toboa tundu la kamera ya simu sentimita 8 juu ya sakafu. Ndicho kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Weka modeli juani, upige picha asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kwa Dar es Salaam, jua la adhuhuri hukaa kaskazini Juni, kusini Desemba, hivyo kinga madirisha ya pande zote mbili.