Kazi ya Hoteli Nairobi Wakati Unautafuta Uwakili

Nchini Kenya, shahada ya sheria pekee haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu kuna mafunzo ya Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, kisha ombi kwa Jaji Mkuu la kuapishwa. Katika kipindi hicho chote kuna karo, nauli na kodi ya nyumba, na kazi ya hoteli ni njia ya heshima ya kuvigharimia.

Angalia zamu kabla ya kuangalia mshahara. Kwa kuwa Mahakama ya Milimani na ofisi za mawakili hufanya shughuli zao mchana, zamu ya jioni au ya wikendi katika mkahawa wa Westlands au Kilimani itakufaa kuliko nafasi ya mchana yenye malipo manono. Zamu ya usiku mapokezini ina faida yake, maana wageni wakishalala hupatikana saa tulivu za kusoma. Hata hivyo, uliza kwanza kama mwajiri hutoa gari la kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Mpe meneja tarehe zako za mitihani kwa maandishi kabla ratiba ya zamu haijapangwa. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni haki yako chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, nami nakusihi usiiuze.

Ukikaribia uanagenzi, uulize Chuo na wakili atakayekusimamia kama unaruhusiwa kuendelea na kazi nyingine, na upate jibu lililoandikwa.

Hotelini penyewe sheria imejaa tele. Mteja akila na kuondoka bila kulipa, mara nyingi bili hukatwa kwenye mshahara wa mhudumu aliyeishika meza ile. Fungua kifungu cha 19 cha Sheria hiyo ya Ajira: mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na upungufu wa fedha humwangukia yule ambaye mkataba wake umemkabidhi fedha hizo waziwazi, iwapo alizembea au hakuwa mwaminifu. Je, mhudumu wetu anaingia wapi? Tafuta hukumu za Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi katika tovuti ya Kenya Law, ambayo ni ya bure, kisha uandike ukurasa mmoja wenye mambo yaliyotokea, swali la kisheria na jibu lako, bila kumtaja mwajiri wala mgeni yeyote. Kurasa kama hizo zitakuwa mfano mzuri wa uandishi wako utakapoomba uanagenzi.

Wenzako wakijua umesomea sheria watakuletea barua za onyo na mikataba yao. Wasikilize, uwaeleze mahali pa kupata msaada, lakini usijitambulishe kama wakili wala usitoze ada ya kuandaa hati, kwa sababu Sheria ya Mawakili inamkataza mtu ambaye bado si wakili kufanya hivyo, na kosa la namna hiyo linaweza kukuzuia kuapishwa.

Katika wasifu wako, itaje kazi ya hoteli kwa jina lake, na ueleze ulichoshughulikia: malalamiko ya wageni, hesabu za zamu, siri za watu.