Uzito unafika sifuri: kupatanisha majina ya fildi kati ya Python na Java

Huku Mtwara minada ya korosho ikishaanza Oktoba hakuna mtu ana muda wa kukaa kutafuta eror, kwa hiyo hii kazi ifanyeni mapema. Kesi yangu ilikuwa hivi: sistimu ya ghalani ni Python, inapima magunia inatuma uzito, ya malipo ni Java kwenye Spring Boot (mfumo wa kujengea programu za Java), inapokea. Mkulima kapima kilo 480, kule malipo inasoma 0.0 na logi haina eror hata moja! Hapo kuna mtu anasubiri hela yake.

Hatua ya 1. Usiguse kodi, angalia kwanza kinachopita. Washa logi ya rikwesti usome JSON yenyewe, yaani yale maandishi ya data yanayotumwa kati ya sistimu. Mimi nilikuta `"uzito_kilo": 480` wakati klasi ya Java ina `uzitoKilo`. Watu wa Python wanatenganisha maneno kwa mstari wa chini, wa Java wanayagandisha, na kila mmoja yuko sahihi kwake.

Hatua ya 2. Ondoa ule ukimya, hapa ndo pa muhimu kuliko pote. Jackson, maktaba inayosoma JSON kwenye Java, kwenye toleo la 2 kwa kawaida ikikuta fildi isiyoijua inagoma, ila Spring Boot inaizima hiyo tabia, kwa hiyo `uzito_kilo` inatupwa kimyakimya na `double` iliyokosa thamani inabaki 0.0. Tumia `Double` yenye D kubwa, hiyo ikikosa thamani inabaki tupu (null) badala ya 0.0, weka `@NotNull` juu yake na `@Valid` kwenye kontrola (dipendensi ya validation iwepo), uzito ukikosekana irudi 400 (eror ya rikwesti mbovu) palepale. Kwenye mazingira ya majaribio naongeza na hii:

`spring.jackson.deserialization.fail-on-unknown-properties=true`

Hatua ya 3. Kubalianeni majina ya njiani, ndani kila mtu abaki na yake. Sisi tulifuata ya Python sababu maghala ni mengi, kuyasasisha yote ni safari, Java iko moja tu. Unaweka:

`spring.jackson.property-naming-strategy=SNAKE_CASE`

Angalia lakini, hiyo inabadilisha mpaka JSON unayotoa, kama kuna app ya simu inasoma majina ya zamani itakatika. Ukiwa na wasiwasi huo weka `@JsonProperty("uzito_kilo")` kwenye fildi husika peke yake.

Hatua ya 4. Kama kuna ghala bado linatuma jina la zamani, `@JsonAlias("uzito")` inalipokea bila kubadili unachotoa.

Wa C#, kuanzia .NET 8 mna `JsonNamingPolicy.SnakeCaseLower`, inatosha.

Hatua ya 5. Chukua JSON halisi ya ghalani, futa jina na namba ya mkulima, ihifadhi kwenye mradi wa Java kama faili la testi. Kila ukijenga testi iisome, na 480 itoke 480, ikitoka kingine chochote usipandishe kwenye seva.