Somo: Namna ya kuzitazama picha za makauboi za Andy Warhol

Mwaka 1986, miezi michache kabla ya kifo chake cha Februari 1987, msanii wa Marekani Andy Warhol alitoa mfululizo wa picha kumi kuhusu makauboi na wenyeji asilia wa Marekani. Rangi zake huvutia kiasi kwamba mtazamaji huzipita upesi. Ninapendekeza utaratibu ufuatao.

Hatua ya kwanza: itafute picha iliyozaa picha. Warhol alichukua picha zilizokwisha kuenea, akazihamishia kwenye skrini, yaani kitambaa chembamba kilichokazwa kwenye fremu, na kuzichapa kwa wino, kwa mbinu ileile inayochapia fulana za kampeni. Alianza mapema: mwaka 1963 alimchapa Elvis Presley akiwa ameelekeza bastola kwa mtazamaji, akitumia picha ya matangazo ya filamu Flaming Star ya mwaka 1960, ambamo mwimbaji huyo aliigiza kijana wa baba Mzungu na mama wa Kiowa, kabila la wenyeji asilia. Mandhari ya nyuma ni rangi ya fedha tupu, bila jangwa wala farasi.

Hatua ya pili: uliza kila mhusika alijulikanaje. Hapa ndipo penye uhondo, nawaomba msiharakishe. John Wayne alikuwa mwigizaji wa filamu za makauboi. Annie Oakley, mlenga shabaha hodari, alizaliwa Ohio, na umaarufu wake ulitokana na maonyesho ya Buffalo Bill, ambamo watazamaji walilipa kiingilio ili waione Magharibi, yaani nchi ya makauboi ya magharibi mwa Marekani, ikiigizwa uwanjani. Geronimo, kiongozi wa Waapache, wenyeji asilia, aliyepigana kwelikweli, alipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904 akiwa bado mfungwa wa vita, na huko akauza picha zake mwenyewe. Kwa maoni yangu, Warhol hakuchora Magharibi. Alichora biashara ya kuiuza Magharibi.

Hatua ya tatu: usiviruke vitu. Kuna ngao, kinyago, wanasesere wa kachina, yaani roho katika imani ya Wahopi, na sarafu ya senti tano iliyotolewa kati ya mwaka 1913 na 1938, yenye uso wa mwenyeji asilia upande mmoja na nyati wa Marekani upande wa pili. Serikali iliyowanyang'anya watu hao ardhi ndiyo iliyoweka uso wao kwenye fedha yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, Warhol alikuwa akimtukuza Jenerali Custer wa jeshi la Marekani, aliyeshindwa na kuuawa na wenyeji asilia katika pigano la Little Bighorn mwaka 1876?*

Picha yenyewe haisemi, ndugu yangu, na wapo wanaomlaumu kwa ukimya huo. Mimi ninatazama ujirani: Custer na Geronimo wamepewa ukubwa uleule na rangi kali zilezile, kana kwamba wote wawili ni nyota wa sinema. Kwa aliyepoteza ndugu katika vita hivyo, usawa wa namna hiyo unaweza kuwa tusi.

*Je, alijali kweli utamaduni wa wenyeji hao, au alitafuta soko tu?*

Yote mawili yalikuwepo. Kila picha ilichapwa katika toleo la nakala 250 zenye saini, kwa hiyo soko lilizingatiwa. Hata hivyo, alikuwa mkusanyaji wa sanaa zao, na mali zake ziliponadiwa New York mwaka 1988, sanaa hizo zilikuwa miongoni mwa vilivyouzwa.