Geuza Karatasi Kwanza: Namna ya Kukagua Chapa ya Kijapani Kabla ya Kulipa

Mnunuzi mgeni huanza na picha: wimbi, mlima, mwigizaji wa kabuki aliyekodoa macho. Mzoefu huanza na mgongo wa karatasi. Kila kilicho usoni mwa chapa, iwe sahihi, mihuri au jina la mchapishaji, kimechongwa kwenye ubao, na ubao mwingine wa kuuiga unaweza kuchongwa wakati wowote. Muhuri unakuambia mchoro ulitoka lini. Haukuambii karatasi uliyoishika ilichapwa lini. Mwongozo huu unahusu hasa chapa za ukiyo-e, yaani picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, za karne ya 19, ambazo ndizo zinazopatikana kwa wingi, kisha unagusa vitabu vya picha.

Uwe na kioo cha kukuza mara 10, tochi ndogo, rula ya milimita na simu yenye intaneti. Mikono iliyooshwa na kukauka vizuri inatosha. Glavu za pamba hukunyima hisia ya vidole, na ndipo karatasi inapochanika.

Hatua ya 1: Mgongo

Karatasi iliyotumika ilitengenezwa kwa nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona nyuzi ndefu zilizopishana. Mchapaji hakuwa na mashine: alipaka ubao rangi ya maji, akalaza karatasi juu yake, akasugua mgongo wake kwa baren, kisahani bapa kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Rangi ilisukumwa ndani ya nyuzi, ndiyo maana kivuli cha picha huonekana upande wa pili, na mara nyingi mikwaruzo ya baren nayo huonekana.

Mgongo mweupe kabisa una maana mbili. Ama chapa ni ya mashine, ama imebandikwa karatasi ya pili nyuma. Kubandikwa peke yake si msiba, kwa kuwa chapa nyingi zilihifadhiwa ndani ya albamu, lakini ushahidi umefichwa, na bei lazima ishuke.

Sasa geuza uso na uweke kioo juu ya sehemu yenye rangi hafifu. Nukta ndogondogo zilizojipanga ni ofseti, uchapaji wa kisasa wa mashine, mrudishie mwenyewe. Ila usitulie kwa sababu tu hakuna nukta. Kolotaipu, njia ya zamani ya kuchapa kutoka kwenye picha ya kamera, haina nukta bali chembechembe zilizojikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Hapo tumia tochi: ilaze karibu usawa na karatasi. Kwenye chapa ya ubao mistari myeusi imedidimia kidogo, na unaweza kukuta nakshi isiyo na rangi, iliyokandamizwa tu, kwenye kola ya kimono au manyoya ya ndege. Picha ya kamera haina mabonde hayo.

Hatua ya 2: Vipimo

Ukubwa wa kawaida, oban, ni takriban sm 39 kwa 26. Chuban ni kama nusu yake, sm 26 kwa 19. Hosoban, nyembamba ya waigizaji, ni karibu sm 33 kwa 15. Vipimo havikuwa vya kiwandani, kwa hiyo sentimita moja pungufu isikushtue. Oban ya sm 35 kwa 23 imepunguzwa kwa mkasi. Tazama kama mkasi umekula pambizo tu au umefika kwenye picha, kichwa au muhuri. Matundu madogo ya uzi kwenye ukingo mmoja ni alama ya albamu, si ya udanganyifu.

Kinachotia shaka zaidi ni kinyume chake: karatasi nene, nyeupe, yenye pambizo pana na safi pande zote. Mara nyingi hiyo ni nakala ya karne ya 20 iliyochongwa upya kwa mkono. Nakala hizo zinaweza kuwa kazi nzuri mno. Kosa ni kulipia nakala bei ya chapa ya zama za Edo (1603 hadi 1868).

Hatua ya 3: Mihuri

Serikali ya Edo ilikagua chapa, na muhuri wa mkaguzi ulichongwa ndani ya picha. Utaratibu ulibadilika mara kwa mara, na mabadiliko hayo ndiyo kalenda yetu:

- 1790 hadi 1842: muhuri mmoja wa duara, kiwame.
- 1843 hadi 1847: muhuri mmoja wenye jina la mkaguzi.
- 1847 hadi 1852: mihuri miwili ya majina.
- 1852 hadi 1853: majina mawili pamoja na muhuri wa tarehe.
- 1853 hadi 1857: muhuri wa aratame, yaani "imekaguliwa", pamoja na wa tarehe.
- 1858: tarehe peke yake.
- 1859 hadi 1871: aratame na tarehe ndani ya muhuri mmoja.

Tarehe husomwa kwa mnyama wa mwaka na namba ya mwezi. Panya ni 1852, kisha ng'ombe 1853, chui milia 1854, sungura 1855, joka 1856, nyoka 1857, farasi 1858, na kuendelea hadi panya arudi 1864. Miezi ni ya mwandamo, kwa hiyo usiifananishe na Januari na Februari.

Mihuri huokoa pesa zaidi kwenye majina yaliyorithiwa. Msanii Toyokuni wa kwanza alifariki mwaka 1825. Mwanafunzi wake Kunisada alianza kutia sahihi ya Toyokuni mwaka 1844. Ukiona "Toyokuni" yenye mihuri miwili ya majina, ni Kunisada, hata muuzaji akiapa. Chapa za Kunisada ni nyingi na za bei nafuu, nazo ni shule nzuri kwa anayeanza.

Hatua ya 4: Linganisha mistari

Hapa ndipo pa kutumia muda. Pakia picha ya chapa kwenye tovuti ya ukiyo-e.org; itakuletea nakala zilizomo kwenye makumbusho mbalimbali. Fungua picha kubwa, kwa mfano ya British Museum au ya makumbusho ya Boston, kisha fuata mstari mmoja mmoja: herufi za sahihi, nywele, fremu ya kichwa.

Ubao wa mcheri ulimomonyoka kadiri ulivyochapwa. Kwenye wimbi kubwa la msanii Hokusai, la mwaka 1831 hivi, chapa za baadaye zina mapengo kwenye fremu ya kichwa, na mawingu hafifu ya angani yamekaribia kutoweka. Mapengo zaidi maana yake ubao ule ule, chapa ya baadaye. Ila mstari ukiwa mzima mahali ambapo chapa za mapema tayari zina ufa, shuku ubao mpya, maana mti hauponi. Mkunjo wa herufi ukitofautiana hata kidogo, ni ubao mwingine kabisa.

Hatua ya 5: Rangi

Nyekundu ya beni, itokanayo na ua la safflower, mmea wa jamii ya alizeti, hufifia kwa mwanga. Buluu ya zamani ya petali za tsuyukusa, ua dogo la buluu, hugeuka kuwa kijivu au manjano chafu ikipata mwanga au maji. Buluu ya Prussia, iliyoenea karibu mwaka 1830, huvumilia. Kagua ukingo uliofunikwa na fremu: kama una rangi kali kuliko katikati, umeona chapa ilivyokuwa. Zambarau na nyekundu zinazochoma macho ni rangi za viwandani za nusu ya pili ya karne ya 19. Kwenye chapa inayodaiwa kuwa ya 1795 hazina kazi.

Hatua ya 6: Vitabu

Kitabu cha kale, ehon, kina karatasi zilizokunjwa katikati, mkunjo ukiwa upande wa kufungulia na uzi ukipita kwenye matundu manne mgongoni. Usipasue mikunjo ukidhani kurasa zimegandana! Hesabu kurasa kwa namba zilizochapwa kwenye mkunjo, kwa sababu picha nzuri huchomolewa na kuuzwa peke yake. Tarehe ya ukurasa wa mwisho ni ya kuchonga ubao. Uchapaji unaweza kuwa wa miongo kadhaa baadaye. Manga ya Hokusai, vitabu vya michoro vya majuzuu 15 yaliyotoka kati ya 1814 na 1878, ilichapwa tena na tena. Tazama ukali wa mistari, kisha njia za wadudu: tundu la pambizoni linavumilika, lililopita usoni mwa mtu halivumiliki.

Hatua ya 7: Kununua kwa mbali

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Omba picha ya mgongo, pembe nne, mihuri kwa karibu, na moja iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Katika maelezo ya wauzaji wa Japani, fukkoku ni nakala iliyochongwa upya, atozuri ni chapa ya baadaye, shozuri ya mwanzo, mushikui ni matundu ya wadudu, na urauchi ni kubandikwa mgongoni. Agiza isafirishwe ikiwa bapa kati ya mbao mbili ngumu za karatasi, isikunjwe ndani ya bomba.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Tumia bahasha au folda isiyo na asidi. Selotepu, gundi na plastiki ya PVC marufuku. Lenga unyevu wa hewa wa asilimia 50 hivi, na taa isiyozidi laksi 50 ikiwa umeitundika. Mombasa, Tanga au Unguja unyevu huo haupatikani wenyewe: weka folda kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na silika jeli iliyokaushwa, mbali na ukuta wa nje, ukague ukungu kila mwezi. Kifurushi kikifika kutoka nchi ya baridi, kiache kimefungwa kwa siku nzima chumbani. Ukikifungua papo hapo, unyevu wa pwani hugandia karatasi baridi, na tsuyukusa ikilowa hairudi.